Kila Mtu na Ufa Wake

Mwanangu Zuhura,

Begi lako nimeshalifunga na sitalifungua tena kukuongezea kitu. Habari za kula kwa wakati, za baridi ya Mbeya, za kutomwachia mtu usiyemjua simu yako, umeshazisikia kwa shangazi zako, kwa majirani wa korido nzima, na kwa baba yako anayepiga simu kila lori lake linaposimama. Najua uliacha kusikiliza tangu juzi. Basi hayo mimi nayaruka.

Nataka kukuandikia habari za bibi yako na nyumba yetu ya Kariakoo. Kwa mdomo nimejaribu. Kila nikianza unainuka kwenda kuangalia kama kuna kitu kinaungua jikoni, hata siku ambayo hatujawasha jiko. Karatasi utaibeba, utaifungua mwenyewe huko siku utakayotaka, na usipotaka utaiacha imekunjwa. Sitakuuliza.

Unakwenda kusomea ujenzi. Watu wakiniuliza nawaambia kwa majivuno kabisa, "Zuhura anakwenda kuwa mhandisi," nao wanasema mashallah. Siwaambii kwamba hukupelekwa na hesabu peke yake. Umepelekwa na ule ufa. Na mzazi anayemuona mwanawe anaondoka nyumbani akiwa amebeba ufa kifuani hawezi kulala vizuri, hata kama mtoto mwenyewe anasema yuko poa.

Ile nyumba ulizaliwa ndani yake, kwa hiyo hukuwahi kuitazama kama walivyoitazama wapita njia. Kwao ilikuwa kibanda cha bati kilichosahaulika katikati ya maghorofa. Kwetu ilikuwa korido ndefu, vyumba huku na huku, kutoka barazani moja kwa moja mpaka uani, sakafu moja tu, hakuna pa kupanda wala pa kushuka. Babu yako aliijenga hivyo. Barazani nilitandaza khanga zangu za kuuza. Chumba cha pili kushoto kilikuwa cha bibi, mama yangu, na hakuna mtu aliyewahi kukumbuka siku ambayo hakikuwa chake.

Kiwanja cha jirani kikauzwa, walionunua wakazungusha mabati, wakaleta kijiko cha kuchimbia. Unakumbuka vikombe vilivyokuwa vinalia kabatini. Walichimba chini kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuchimba pale bila kukuta maji, na maji waliyakuta, wakawa wanayavuta kwa pampu mchana na usiku na kuyamwaga mtaroni. Ndipo siku moja ulipotoka chumbani kwa bibi ukaniambia, "Mama, ukuta umechora mstari."

Ulikuwa mwembamba kama uzi, unatoka kwenye kona ya dirisha na kushuka kuelekea kitandani. Nikamwita fundi wa lipu. Akaupapasa, akacheka. "Dada, hii ni kazi ya asubuhi moja tu." Na kweli, asubuhi moja akaumaliza, akapaka na rangi. Kwake yeye tatizo lilikuwa mstari unaoonekana. Usipoonekana, hakuna tatizo. Simlaumu, ndiyo kazi aliyojifunza, na aliifanya kwa usafi.

Ufa ukarudi, mpana zaidi.

Nikaenda kwa wakili. Huyo alikuja na simu yake akaupiga picha kila upande, kisha akaniinulia kidole. "Mama, usiuguse tena huu ukuta. Huu ndio shahidi wetu." Nilitoka pale nimefurahi, fikiria! Nimefurahi kwamba nyumba ya baba yangu inapasuka, kwa sababu sasa kupasuka kwake kulikuwa na faida. Kwa wakili tatizo lilikuwa nani alaumiwe, na kadiri ufa ulivyotanuka ndivyo alivyozidi kuupenda.

Mjumbe wetu alipokuja, alikaa barazani, akanywa kahawa, akasema kinachomsumbua yeye ni kwamba tumeacha kusalimiana na msimamizi wa lile jengo. Alitaka tukae, tuzungumze, tupeane mikono. Ukuta wenyewe hakwenda kuutazama. Mjomba wako Shabani akaja kutoka dukani kwake mtaa wa Gerezani, mikono bado ina grisi. Unamjua. Miaka yote anauza vipuri, na kwake kitu kikichoka unakitoa, unaweka kingine. "Asha, nyumba imekwisha muda wake hii. Tuiuze wakati bado kuna anayeitaka." Alisema hivyo mlangoni kwa mama, kwa sauti yake ya gereji, na mama alikuwa ndani anasikia.

Kisha ukaja upande wako. Mwalimu wako wa hesabu alikuwa na ndugu yake mhandisi, wewe ndiye uliyemleta. Kijana mpole. Yeye hakuupiga picha wala hakucheka. Aliinama akautazama kwa muda mrefu, akatoka nje akautazama kwa nyuma, akasikiliza pampu. Halafu akachukua kipande chembamba cha kioo, akakibandika kwa saruji juu ya ufa, upande huu na upande huu. Ukamuuliza cha nini. Akakwambia, "Ufa nauona. Nisichokijua ni kama umesimama au unatembea. Kioo kikivunjika, unatembea." Nilikuona ulivyomtazama. Nikajua siku ile kwamba umeshapotea, hutauza khanga.

Kila asubuhi bibi yako alikuwa anakipapasa kile kioo kwa kidole kabla ya kuswali. Tulidhani ni mchezo wa kizee, kama alivyokuwa anahesabu mayai. Na ni yeye aliyetutangazia. Nilikuwa uani nachambua mchele, akaita kwa utulivu kabisa, "Asha, kimekatika." Ukakimbia wewe kwenda kumwita mhandisi. Akaja, akaangalia, akatuambia tutoke. Hakusema tufikirie. Alisema mvua hazitakiwi kutukuta ndani.

Sasa nikueleze mimi nilikuwa wapi katika haya yote, maana nimewataja wengine nikajiacha. Fundi alikuwa na mstari wake, wakili alikuwa na shahidi wake, mhandisi alikuwa na ufa wake unaotembea. Mimi tatizo langu lilikuwa mama. Kwa sababu mama alikataa. Alisema hatoki. Tulimbembeleza, tulimletea shehe, tulimletea dada yake kutoka Temeke, alikataa. Nikawa nikiulizwa "Vipi habari za nyumba?" najibu, "Nyumba siyo tatizo, tatizo ni mama." Nilisema hivyo sokoni, msikitini, kwenye simu na baba yako. Sentensi nyepesi sana kuisema. Ukishamfanya mtu kuwa tatizo, humuulizi tena kitu. Unatafuta tu namna ya kumsogeza.

Na yeye alitwambia. Jioni moja tumekaa wote, Shabani yupo, wewe upo unafanya kazi zako za shule, akasema, "Wanangu, nina shida na nyinyi." Unajua mtu mzima wa kwetu akisema ana shida na wewe, ana neno la kukwambia, unatakiwa uvute mkeka usogee. Lakini tulikuwa tumechoka, na neno shida tukalisikia kwa upande wake mwingine. Shabani akasema, "Shida gani tena mama? Kila kitu tunakushughulikia sisi." Akasema, "Haya." Akarudi chumbani, mkono ukutani, kama alivyokuwa anatembea siku zote.

Siku ya kuhama nilimpigia kelele. Ulikuwepo. "Mama, unataka ukuta utuue?" Akasimama. Akajifunga khanga yake, akatembea mwenyewe korido nzima bila kushikwa, mgongo umenyooka, nikajisemea, kumbe alikuwa anadeka tu. Alipofika ukingo wa baraza, pale inapoisha nyumba, akasimama kama mtu aliyefika kwenye maji. Akasema, "Zuhura yuko wapi? Aje anishike."

Mhandisi alisema kweli. Mvua zilipochanganya ukuta ukaanguka, matofali yakalala pale pale kilipokuwa kitanda. Nilikwenda kutazama, nikamshukuru Mungu. Kesi nayo ikaishia kwa makubaliano: wenye jengo wakachukua na kiwanja chetu, mimi na Shabani tukatia saini. Wakili akanipa mkono, "Hongera mama, tumemaliza." Mjumbe akafurahi kwamba hakuna ugomvi tena mtaani. Kila aliyekuja na tatizo lake aliondoka nalo limekwisha. Ukitutazama kwa mbali, ungesema hii familia imevuka salama.

Tukahamia huku Ilala, vyumba hivi viwili karibu na soko la Mchikichini, na bibi yako akaharibika mbele ya macho yetu. Mtu aliyekuwa anajipikia uji akawa anakaa kitandani mchana kutwa, mikono mapajani. Anamwaga chai. Anamsalimia mpangaji wa jirani akidhani ni mimi. Anaomba apelekwe chooni kama mtoto. Shabani akasema ni uzee, umeshapanda kichwani. Nikaamini. Nilikuwa nalia bafuni nikiamini kwamba mama amepoteza akili kwa uchungu wa nyumba.

Ndiyo maana tulimpeleka hospitali, kwa ajili ya kichwa, si kwa ajili ya kitu kingine. Ulikuwa umebaki shuleni, kwa hiyo hii hukuiona. Daktari alikuwa msichana mdogo, alimwamkia vizuri, "Shikamoo bibi," naye akaitika marahaba kwa furaha. Nikaanza kueleza mimi: anasahau, anachanganya watu, anamwaga vitu. Yule binti akawa ananisikiliza huku anamtazama yeye. Akanyoosha kalamu kuelekea kwake, kimya kimya, kama anampa. Mama hakuipokea. Akaisogeza. Mama yuko pale pale, anatabasamu kuelekea mlangoni.

"Bibi," daktari akasema, "tangu lini huoni?"

Nikataka kucheka. Nikamgeukia mama ili tucheke pamoja. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Muda," akasema.

"Mbona hukuwaambia wanao?"

Akasema, "Nyumbani nilikuwa naona."

Zuhura, nimeishi na hilo jibu na bado sijafika mwisho wake. Nyumbani alikuwa anaona. Mkono wake ulizijua kuta, mguu wake uliijua sakafu, alijua mlango unalia vipi na jua linaingia upande gani asubuhi likampata usoni. Nilipokaa chini nikaanza kukumbuka, kila kitu kilikuwa wazi: wewe ndiye uliyekuwa unamtungia uzi kwenye sindano, watu wakiingia alikuwa anangoja waseme shikamoo ndipo awaite kwa majina, na kile kioo alikuwa anakisoma kwa kidole. Sisi tulidhani tunamtoa kwenye nyumba mbovu. Tulimtoa macho.

Tukapelekwa kwa daktari wa macho, mzee mwenye haraka. Akasema ni presha ya macho. Nikamuuliza atafanyiwa lini upasuaji, maana jirani yetu alifanyiwa wa mtoto wa jicho akarudi anasoma gazeti. Akanieleza kwamba ule ni ugonjwa mwingine. Kilichopotea kwa presha hakirudi, tutalinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Nikamkasirikia. Nikamwambia, "Daktari, kila tatizo lazima liwe na njia yake." Hakukasirika yeye. Akasema, "Kwenu huko labda. Kwetu huku mengine tunayaponya, mengine tunayasindikiza." Neno lile lilinikera sana wakati ule, kusindikiza, kama kwamba mama alikuwa mgeni anayeaga. Sasa ndilo ninaloliheshimu kuliko maneno yote niliyoambiwa mwaka ule, kwa sababu hakunidanganya.

Nilirudi nyumbani nikakusimulia. Hukulia. Ukafungua kabati, ukachukua futi yangu ya kupimia vitambaa, ukaenda kukaa kitandani kwa bibi yako.

"Bibi, kitandani kwako kule, ukinyoosha mkono wa kulia unashika nini?"

"Sanduku."

"Karibu hivi au mbali?"

"Sogeza. Bado. Hapo."

Mlifanya kazi ile siku nzima, na siku iliyofuata. Ulihamisha kitanda, ukahamisha sanduku, ukagongelea msumari wa khanga pale alipokuwa anaunyooshea mkono hewani na kuukosa. Ndoo ya udhu, mkeka, kiti kile cha miguu mifupi. Kilichokuwa hakitoshi ulikikunja, ukakilazimisha kitoshe. Mimi nilisimama mlangoni nikawatazama, nikawaacha. Na asubuhi ya tatu bibi yako akaamka peke yake, akatawadha peke yake, akavaa, akaniita, "Asha! Chai yenu ya Ilala mbona inachelewa hivi?"

Ninyi wawili mlikuwa na majuma yenu mazuri baada ya hapo. Mimi nilikuwa natoka kwenda kutembeza khanga maofisini nikijua nyumbani kuna mtu anaishi.

Tunafika pale usipotaka nifike. Alfajiri ile alitoka chumbani. Kwa nini alitoka sijui, labda alisikia muadhini, labda alitaka hewa. Alitoka kama alivyokuwa anatoka kule kwetu, moja kwa moja kuelekea uani, bila kupapasa, kama mwenye nyumba. Na huku, kati ya korido na uani, kuna ngazi ile moja.

Nyonga. Hospitali tena. Akarudi, hakusimama tena.

Baada ya mazishi nilikusikia unamwambia shangazi yako, ukidhani nimelala: "Mimi ndiye niliyemfanya asahau kwamba hayuko nyumbani." Shangazi akakwambia si kosa lako mwanangu, ni siku yake imefika. Na tangu siku ile ile futi ikarudi kabatini, na fomu ya chuo ikajazwa, na mimi nikawa na mtoto anayesoma kama anayelipa kitu.

Sitakwambia si kosa lako. Wameshakwambia wengi na halijakusaidia, kwa sababu wewe una akili ya hesabu, unajua kitu kilitokea na kilitokea kwa sababu ya kitu kingine. Acha nikwambie ninavyoona mimi, mtu wa vitambaa.

Shuleni walikuwa wanakupa swali. Unakumbuka ulivyokuwa mdogo ukilia usiku kwa sababu swali limekataa, na baba yako anakwambia angalia nyuma ya kitabu, jibu liko kule. Swali la shule limeshakatwa, limepindwa pembeni, limekunjwa kama doti ya khanga dukani. Aliyelitunga anajua linaanzia wapi na linaishia wapi, na jibu analo. Huko chuoni utakutana na mengi ya namna hiyo na utayaweza, sina wasiwasi. Lakini nje ya darasa mambo yanakuja jora zima, hujui hata mwanzo uko upande gani, na watu wamesimama kila mmoja kashika mkasi. Fundi anakata pale, wakili anakata pale. Kila mmoja anasema kipande changu ndicho kitambaa.

Wewe ulikata chumba. Ulikipima, ukakimaliza, na kilikuwa sawa. Hakuna hata kitu kimoja ulichokosea ndani ya kile chumba. Korido haikuwa kwenye kipande chako. Haikuwa kwenye kipande cha mtu yeyote. Mimi nilikuwa napita kwenye ngazi ile kila siku na ndoo kichwani, mguu wangu unashuka wenyewe, wala sikuwahi kuiona kwamba ni ngazi. Daktari alijua macho, hakuijua nyumba yetu. Shabani alikuja mara ngapi akajikwaa pale pale akaitukana ngazi na kupita. Jambo lilikuwa linatungoja mahali ambapo hakuna aliyekuwa na kazi ya kupatazama.

Je, hiyo inakutoa hatiani? Sijui, mwanangu. Mimi hainitoi. Siku nyingine naamka naona kweli ilikuwa siku yake, siku nyingine naamka naiona ngazi. Nilitaka tu ujue kwamba huioni peke yako.

Lakini kuna kitu hukijui, na ndicho kilichonifanya niandike. Bibi alipokuwa amelala na nyonga yake, wewe ukiwa umehamia kulala sebuleni kwa sababu hukuweza kuingia mle, muuguzi alikuja nyumbani akaniambia kitanda kimekaa vibaya, hawezi kumgeuza mgonjwa vizuri, tukisogeze upande wa pili. Nikaanza kukisukuma. Mama akanishika mkono. Ulikuwa na nguvu ule mkono.

"Usikiguse," akasema.

"Mama, ni kwa ajili ya kukuogesha."

"Zungukeni nyinyi. Mtoto amekiweka, kikae."

Nikamwambia, mama, hiki kitanda ndicho kilichokufanya ukadhani uko kule. Nilisema kwa uchungu, sikukusudia kukutaja vibaya. Akageuza uso kunifuata sauti.

"Asha, unadhani nilisahau niliko? Siwezi kusahau niliko. Nilikuwa najua ni Ilala. Nilitaka tu kutoka kama mtu." Akapumzika. Kisha akasema, "Mlinileta huku mkaniketisha. Yule akanisimamisha. Nimeanguka, ndiyo. Ila mwambie nilianguka nikiwa nimesimama."

Nilikuita siku ile ile. Ukasema una mtihani. Nikakuita tena baada ya mazishi, ukainuka kwenda jikoni. Sasa umeambiwa.

Kwa hiyo hakusahau, Zuhura. Hilo ulilolibeba, kwamba ulimfanya asahau, halikuwepo. Mengine yalikuwepo, hilo halikuwepo. Alijua, akachagua kutoka bila kupapasa, na alitoka. Huko unakokwenda utajifunza kupima udongo na nondo na uzito wa kuta, na ndani ya kila jengo utakalopima kutakuwa na mtu ambaye ana lake, na mara nyingi halina jina zuri, atasema tu ana shida na wewe. Mimi nilichelewa kuvuta mkeka. Sina ushauri zaidi ya huo, na hata huo sijui kama ni ushauri.

Limebaki moja, la wiki iliyopita. Ulinifuata dukani kunichukua, ukasimama nje barabarani, hukuingia. Nikakuita, ukatikisa kichwa. Na tulipokuwa tunarudi ukaniuliza, "Mama, unawezaje kuuza khanga ndani ya lile jengo?" Nikajifanya nimeona mtu ninayemjua.

Ni kweli. Wamejenga mpaka juu, na chini wamekata fremu za maduka, na mimi nimepanga mojawapo. Inaweza kuwa iko pale pale palipokuwa na baraza letu, inaweza kuwa ni pale kilipokuwa chumba, sitaki kujua. Wateja wangu wa Kariakoo wote wanapita pale. Nilijaribu kutembeza, magoti yakakataa. Nilijaribu kupanga huku Mchikichini, huku watu wanakuja kutafuta mitumba, si khanga. Mtu wa biashara akiniuliza, nitamweleza vizuri kabisa kwa nini nipo pale, na ataona nina akili. Wewe hukuniuliza la biashara. Na la kwako sina jibu. Kuna asubuhi nafungua lile geti la chuma naona kawaida tu, na kuna asubuhi mkono unakuwa mzito nakaa nje kwanza nikijifanya napanga mzigo. Nitaendelea hivyo. Haya si ya kutatua, wala sijui kama ni ya kusindikiza. Nayabeba tu, na kodi nalipa.

Usinisamehe kwa ajili ya safari. Watu wanapenda kusameheana stendi, mabegi yako chini, kondakta anapiga kelele, kisha kila mmoja anabaki na lake. Kama bado umenikasirikia, panda basi na hasira yako, kaa nayo dirishani, shuka nayo Mbeya. Mimi nitakuwa nimesimama pale pale nakupungia, hasira au hakuna.

Ila upige simu. Hata siku ambayo huna la kuniambia, wewe piga tu, uiache wazi uendelee na mambo yako. Nitakaa hapa nisikilize watu wakipita nyuma yako.

Ni mimi,
mama yako Asha